Chupa ya Fundi Chai Iliyorudi Imejaa

Wasikilizaji wapendwa, kabla sijasema neno jingine, nina ombi moja dogo. Kama umekaa ndani ya nyumba, inua macho. Tazama kilicho juu ya kichwa chako. Kama ni bati, mshukuru Mungu na uendelee kunisikiliza. Kama ni zege, kipindi cha leo kinakuhusu zaidi, na nakusihi usizime redio mpaka mwisho.

Leo tunamkumbuka fundi mwashi ambaye watu walimwita Fundi Chai. Kazi yake ilikuwa kumwaga mapaa ya zege. Aliifanya tangu ujana wake mpaka asubuhi aliyofariki. Na alifariki chini ya paa alilolimwaga mwenyewe. Narudia, kwa wale mliofungua redio sasa hivi: Fundi Chai alifariki chini ya paa alilolimwaga kwa mikono yake mwenyewe.

Habari zake nimepewa na mjane wake. Tulikaa jikoni kwake. Juu ya meza palikuwa na chupa ya chai, ya bluu, kifuniko kimepasuka na kuzungushiwa utepe mweusi wa fundi umeme. Mama huyu alikuwa akizungumza huku mkono mmoja ameuweka juu ya chupa, kama mtu anayemtuliza mtoto asilie.

"Ukitaka kumjua mume wangu," aliniambia, "anza na hii."

Basi tuanze nayo.

Paa la zege, wasikilizaji wapendwa, humwagwa likiwa uji. Chini yake hutandikwa mbao, na mbao hushikiliwa na miti iliyosimama wima, ile mafundi wanayoiita mirunda. Zege likilala juu ya mirunda wiki tatu, nne, likimwagiwa maji asubuhi na jioni, linakuwa jiwe. Mirunda ikitolewa mapema, zege linajifanya jiwe. Kwa macho huwezi kulijua. Linang'aa vilevile, ukiligonga linalia vilevile. Lakini ndani bado ni changa, na uzito wake haulisubiri likue.

Fundi Chai aliyajua haya mapema. Alipopata kazi yake ya kwanza ya peke yake alikuwa kijana mwembamba, na mteja wake alikuwa mama mmoja mjane, mkali, asiyeamini kirahisi. Siku ya kutoa mirunda, kijana akagonga wa mwisho ukaanguka, akafungua mikono kwa furaha. "Karibu ndani, mama!"

Mama hakusogea. "Ingia wewe kwanza."

"Mimi nimo humu tangu asubuhi, mama."

"Asubuhi kulikuwa na miti. Sasa hakuna. Ingia ukae."

Kijana akacheka. Akageuza ndoo juu chini, katikati kabisa ya chumba, pale ulipokuwa mrunda wa mwisho. Akakaa. Akaomba chai. Binti aliyekuwa akiishi na yule mama, mtoto wa dada yake, akaja na kikombe, akapita chini ya zege bila kutazama juu, akammiminia. Kijana akanywa taratibu mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, njoo. Inapoa."

Mama akaingia.

Yule binti aliyemimina chai ndiye mjane wa fundi ninayewasimulia habari zake. "Sikutazama juu," aliniambia, "kwa sababu nilikuwa namtazama yeye." Kisha akacheka kidogo, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Tangu siku ile ikawa desturi. Kila paa lililokomaa, fundi alitoa mrunda wa mwisho mwenyewe, akageuza ndoo, akakaa chini yake na kunywa chai iliyotoka kwa mkewe. Kisha aliwaita wenye nyumba, mmoja mmoja, nao wakanywa. Hapo ndipo nyumba ilihesabiwa kuwa imekabidhiwa. Watu wakampa jina. Mkewe wakamwita Mama Chai. Mdogo wake, aliyekuwa msimamizi wake wa kazi, mrefu na mnyoofu kama uzi wenye uzito, wakamwita Timazi.

Na walimtania. "Fundi, ipo siku utakunywa chai ya mwisho humo!"

Naye alikuwa na jibu lake lile lile. "Basi iwe na sukari ya kutosha."

Wasikilizaji wapendwa, maneno mengine tunayasema tukicheka, na yanakaa pembeni yakitusubiri.

Miaka ikaenda. Kisha hali ikaanza kugeuka, na haikugeuka kwa kishindo. Saruji ilipanda bei, ikapanda tena. Nondo zikafuata. Wenye viwanja wakaanza kusema, "Tusubiri kidogo, fundi." Nyumba zikasimama nusu. Ukitembea mitaani uliziona kila upande, kuta bila paa, nondo zimechomoza juu ya nguzo kama vidole vya watu wanaoomba.

Mafundi wadogo wanaishi kwa kazi ya leo kuvuta kazi ya kesho. Kazi ya leo ikikatika, hakuna akiba ghalani. Hata hivyo kila asubuhi vijana wa Fundi Chai walikuja uani kwake. Waliketi juu ya lundo la mirunda, wakisubiri. Hakuwa na moyo wa kuwaambia warudi makwao. Akawapa kazi za kubuni. Wanyooshe misumari iliyopinda. Wapake rangi matoroli. Walipomaliza kupaka rangi, akawaambia wayapake upya kwa rangi nyingine.

Alikubali kila kazi. Aliziba nyufa za vyoo. Alizibua mifereji. Siku moja alirudi na Timazi, wote wawili wamejaa manyoya, na Timazi akamwambia Mama Chai kwa sauti ya kutangaza, "Shemeji, tupigie makofi! Leo tumekabidhi ghorofa la kuku."

"Na chai mmekunywa chini yake?"

"Tumejaribu. Wenye nyumba wametunyea."

Walicheka mpaka majirani wakachungulia. Mama Chai anasema hicho ndicho kicheko cha mwisho anachokikumbuka kikiwa kizima.

Maana baada ya hapo fundi aliuza nusu ya mirunda yake. Alitaka vijana wapate chakula, wasitawanyike, ili kazi ikirudi imkute na watu. Lori likaja, likapakia, likaondoka. Pale lilipokuwa lundo pakabaki alama ndefu ya ardhi nyeupe isiyo na jani hata moja. Mama Chai alikuwa akifagia uani akaifikia alama ile, akaizunguka. Hakujua kwa nini anaizunguka. Aliniambia hivi: "Ilikuwa kama mahali alipolazwa mtu."

Na vijana wakatawanyika vilevile. Hali ilikuwa na nguvu kuliko wema wake. Akabaki Timazi.

Hapo sasa, wasikilizaji wapendwa, ndipo kazi zikaja.

Zilikuja tatu, zimefuatana kama mvua iliyochelewa. Watu watatu waliokuwa wameficha saruji majumbani mwao walisikia kwamba bei itapanda tena, wakaogopa kuzidi kusubiri, saruji isije ikaganda kwenye mifuko. Kila mmoja alitaka paa lake limwagwe sasa hivi. Kila mmoja alisema, kama huwezi, nina fundi mwingine. Na Fundi Chai akawajibu wote watatu, naweza. Aliingia jikoni uso unang'aa.

"Mke wangu, mvua imenyesha!"

Lakini mirunda ilikuwa nusu. Ilitosha paa moja, haikutosha matatu. Mama Chai alikuwa akianika nguo alipowasikia ndugu wawili uani.

"Kaka, miti haitoshi."

"Itatosha."

"Itatosha vipi? Ina miguu?"

"Ndiyo, ina miguu. Itatembea. Wiki moja hapa, wiki moja pale, wiki moja kule."

Sauti ya Timazi ikashuka. "Wiki moja? Wewe mwenyewe ulinizaba kofi nilipotoa miti wiki ya pili. Nilikuwa na ndevu tayari, ukanizaba kofi mbele ya watu."

"Siku zile tulikuwa na nafasi ya kuchagua."

"Zege halijui siku zile wala siku hizi."

"Nikikataa wataenda kwa mwingine, naye atatoa miti siku ya nne! Afadhali mimi."

"Kaka, kwa hili sikufuati."

"Basi nenda. Nenda sokoni ukabebe magunia."

Timazi akaenda sokoni akabeba magunia. Fundi Chai akaokota vibarua njiani, watu wa siku moja moja, leo huyu kesho yule. Kumbukeni jambo hili, maana mbele litatuumiza. Nyumba zile tatu, aliyezijua zote alikuwa mtu mmoja tu. Na hakuwa mtu wa kuandika. Wateja wake aliwabeba kichwani.

Ya kwanza ilikuwa ya mshonaji, mwanamke mwenye duka la nguo chini na vyumba juu. Wiki moja ikapita. Asubuhi ya kutoa mirunda Mama Chai akapika chai, akaijaza chupa kama kawaida, akamsindikiza mumewe mpaka mlangoni.

Jioni aliichukua chupa aioshe. Ilikuwa nzito.

Akaifungua. Ilikuwa imejaa mpaka shingoni.

"Baba, hukunywa?"

"Tumbo lilinisumbua."

Akaimwaga nje. Akaiosha.

Nyumba ya pili ilikuwa ya dereva wa lori. Mirunda ikatembea kutoka kwa mshonaji ikaenda kwa dereva. Wiki ikapita. Chupa ikaenda. Chupa ikarudi. Imejaa.

"Leo tena tumbo?"

"Leo joto. Nani anakunywa chai kwenye joto hili?"

Mume wake aliwahi kunywa chai akiwa na homa, akiwa na kiu, akiwa ametoka kunywa chai nyingine. Mama Chai akasimama na chupa mkononi. Kimya kingi kina mshindo, walisema wahenga, na yeye aliusikia ule mshindo kwa mbali, kama mtu anayesikia ngurumo asijue kama inakuja au inaondoka. Aliomba. Lakini aliniambia kwa uaminifu kwamba hakujua aombe nini. Alisema tu, Mungu wangu, unaona. Mungu wangu, unaona.

Nyumba ya tatu. Mirunda ikatembea tena. Wiki ikapita. Fundi alirudi jioni viatu vyake vimejaa vumbi jeupe, jeupe kama unga. Siyo vumbi la mtaa wao. Alikuwa amechangamka kwa namna ya mtu anayejilazimisha.

"Wana mapacha kule," alisema akivua viatu. "Wasichana, shilingi kwa ya pili. Wakifungua mdomo mmoja, mwingine anamalizia. Waliniuliza, babu, kwa nini umegeuza ndoo kama huikalii?"

"Ukawajibu nini?"

Akakung'uta viatu. "Baba yao anataka kupandisha tangi la maji juu ya paa. Nimemwambia angoje kwanza. Amesema atangoja kidogo."

Chupa ilikuwa juu ya meza. Safari hii Mama Chai hakuifungua. Aliigusa tu. Ilikuwa nzito, na bado ya moto.

Narudia kwa faida ya wote. Mapaa matatu. Mirunda ikatolewa mapema mara tatu. Na mara tatu chupa ikarudi imejaa. Fundi hakuthubutu kukaa chini ya kazi yake.

Siku zikapita, zikawa wiki, na hakuna kilichoanguka. Fundi alianza kulala. Alianza hata kupiga mluzi. Labda, alijiambia, Mungu amefumba jicho. Kisha siku moja mshonaji akaja nyumbani, ameshika mfuko wa machungwa kama zawadi, anatabasamu.

"Fundi, mlango wangu umeanza kiburi. Ule wa chini, wa dukani. Haufungi. Seremala ameupiga randa mara mbili, bado unakwama juu. Njoo uukemee."

Mama Chai alimwona mumewe akishika kiti. Mlango haukuwa umevimba. Paa lilikuwa linashuka.

Jioni ile, kabla hata ya kula, alimwambia mkewe yote. Hakujitetea. Mama Chai akamuuliza swali moja.

"Kwa nini hukunywa tu? Ungekaa, ukanywa, hata mimi nisingejua."

"Kukaa pale ni kuapa," alisema. "Niliweza kutoa miti. Kuapa uongo sikuweza."

Kisha akainuka akaenda kumtafuta Timazi. Alimkuta sokoni, mgongo umepauka kwa unga wa magunia. Timazi amenieleza mwenyewe kwamba kaka yake hakuanza na salamu.

"Nipige," alimwambia.

"Nikupige nini?"

"Kofi. Lile nililokupiga. Lirudishe, kisha twende kazini."

"Kaka, mkono wangu umechoka, nitalirudisha siku nyingine. Twende."

Waliazima mirunda kwa kila waliyemjua. Walienda kwa mshonaji kwanza, wakajaza duka lake miti kutoka ukuta hadi ukuta, wakainua mbao mpaka zikalibana zege. Mshonaji alilalamika kama mtu aliyeporwa. "Sasa wateja wangu wapite wapi? Hili ni duka au msitu?" Kesho yake alikuwa ametundika magauni kwenye kila mrunda. Paa lile limesimama mpaka leo. Mlango unafunga. Hiyo ilikuwa nyumba ya kwanza.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa zamu ya nyumba ya pili, ya dereva. Mama Chai akapika chai. Fundi akasimama nyuma yake, akamwambia, "Leo nitakunywa. Zidisha sukari."

Mkono wa Mama Chai ulisita juu ya kopo la sukari. Mtakumbuka ule utani. Na yeye aliukumbuka. Lakini aliogopa kwamba akiutaja atauita, basi akazidisha sukari, akakoroga, akafunga kifuniko.

"Na nyumba ya tatu?" aliuliza.

"Tukitoka kwa dereva. Ile bado, tangi halijapanda. Usiogope."

Hakumuuliza iko wapi. Timazi naye alimuuliza njiani, ndani ya gari walilokodi, na kaka yake akamjibu, "Moja baada ya moja, tusichanganye."

Walipofika kwa dereva, Fundi Chai alishuka akasimama. Juu ya paa lile changa palikuwa na matofali yamepangwa, safu juu ya safu. Dereva alikuwa amepata matofali ya bei nafuu, akayapandisha ili aanze ghorofa. Alitoka amekunja uso.

"Mirunda tena? Fundi, umekuja kuniletea mkosi? Kazi ulishakabidhi."

"Sikukabidhi," alisema Fundi Chai. "Tulikunywa chai?"

"Aah, chai! Nyumba yangu inasimama kwa chai?"

Ndani walikuwemo mke wa dereva, mama yake mzee, na watoto wanakula. Timazi anasema kaka yake alitazama juu mara moja tu. Palikuwa na mstari mwembamba kama unywele, kutoka ukuta huu hadi ule. Hakupaza sauti. Angepaza sauti, watu wangebishana, na yule mama mzee miguu yake haikuwa ya kukimbia. Aliichukua chupa ya bluu kwenye gari, akaishika juu, akatabasamu tabasamu lake lote.

"Haya, wenye nyumba! Leo tunakunywa ile chai niliyowanyima. Lakini leo tunainywea nje, barabarani, majirani watuone. Bibi, wewe wa kwanza. Nipe mkono."

Wakatoka. Nani anakataa chai ya Fundi Chai? Alimketisha bibi kwenye ndoo iliyogeuzwa, ng'ambo ya barabara. Akawamiminia wote, watoto nao, mpaka dereva aliyenuna akapokea kikombe. Yeye mwenyewe hakubaki na kikombe. Vilikuwa vimekwisha.

"Na wewe, fundi?" bibi alimuuliza.

"Nakuja, bibi. Nisimamishe miti miwili mitatu kwanza."

Waliingiza mrunda wa kwanza, yeye na Timazi. Wakaingiza wa pili. Fundi akaukumbatia akiubana katikati ya chumba, akasema bila kugeuka, "Timazi, niletee kabari kwenye gari. Kimbia."

Timazi anasema kabari zilikuwa mfukoni mwa kaka yake. Aliziona baadaye.

Timazi alikuwa amefika mlangoni. Nyuma yake hapakuwa na mlio wa kuonya. Palikuwa na pumzi moja ndefu ya vumbi, na barabara yote ikawa kijivu. Vumbi lilipotua, bibi alikuwa bado ameshika kikombe chake, na ndani ya kikombe chai ilikuwa imegeuka rangi ya saruji.

Chupa ilirudishwa nyumbani na dereva mwenyewe. Alikuja akilia kwa sauti, ameikumbatia. Mama Chai aliipokea. Ilikuwa nyepesi. Ilikuwa tupu.

"Ilirudi tupu," aliniambia, "lakini si yeye aliyeinywa. Hata tone."

Wasikilizaji wapendwa, kwa kawaida hapa ndipo ningewapigia wimbo wa kumuaga. Leo sitapiga. Mama Chai hakunikaribisha jikoni kwake ili tumlilie mumewe. Alinikaribisha kwa sababu ya nyumba ya tatu.

Nyumba ya tatu haijulikani. Simu ya fundi ilisagika pamoja naye. Vibarua waliofanya kazi pale hawajajitokeza. Mama Chai na Timazi wametembea kila mtaa wenye udongo mweupe walioelekezwa, wakibisha hodi. Viongozi wa mitaa wameelezwa. Bado. Na huko aliko, labda mwenye nyumba anapiga simu isiyopokewa. Labda anamwambia mkewe, mafundi ndivyo walivyo, wakishalipwa hawapokei. Labda amechoka kungoja. Labda leo ni siku ya kupandisha tangi.

Basi sikilizeni vizuri, na mumwambie jirani asiye na redio. Ni nyumba yenye paa la zege lililomwagwa katika miezi hii ya shida. Udongo wa mtaa ule ni mweupe kama unga. Wana watoto mapacha, wasichana, wanaofanana, ambao mmoja humalizia maneno ya mwenzake. Fundi alikuwa mzee mchangamfu mwenye chupa ya bluu yenye utepe mweusi kwenye kifuniko. Aligeuza ndoo katikati ya chumba, na hakuikalia. Chai hakunywa.

Kama ni kwako, toka nje sasa. Chukua watoto. Usirudi kufunga dirisha. Usirudi kuchukua redio, tuache tuongee peke yetu. Tangi, kama liko juu, usipande kulishusha. Kisha uulize njia ya kwa Timazi pale sokoni, kwa wapakiaji. Kila mtu anamjua. Ana mirunda imepakiwa tayari.

Kwa Mama Chai, kwa Timazi, kwa watoto na wajukuu, sisi sote hapa studio tunawapa pole. Mungu amlaze fundi wenu mahali ambapo hakuna mzigo juu yake. Na kwenu mafundi mnaonisikiliza mkiwa na matoroli matupu, najua mambo yamewabana. Najua mteja anasema yupo mwingine. Mwache aende kwa mwingine. Na wewe mwenye nyumba, usimharakishe mtu anayekujengea kitu cha kukukalia kichwani wakati umelala. Mwombe akae chini yake kwanza. Akikwepa, usiingie. Mungu hutusamehe, naamini hivyo kwa moyo wangu wote. Zege halisamehe.

Nilipoinuka kuaga, Mama Chai alikuwa akiwasha jiko. Anapika kila siku, tangu mazishi. Alichemsha, akatia sukari, akamimina ndani ya chupa ya bluu mpaka shingoni, akaifunga, akairudisha katikati ya meza. Nilimuuliza anamtengea nani.

"Mama wa mapacha," alisema. "Akija, atakuja akitetemeka. Atahitaji kitu cha moto."

Chupa iko mezani, wasikilizaji wapendwa. Mpaka naingia hapa studio, ilikuwa bado imejaa.